Tume ya Nywele za Fahari

Nchi yetu ina jina, lakini jina hilo limehifadhiwa kwa matumizi rasmi, na mwananchi anayetaka kulitaja sharti kwanza aombe kibali. Kibali changu hakijatoka. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, na wewe msomaji utanisaidia kwa kutofikiria nchi yoyote. Hasa hiyo uliyoifikiria sasa hivi.

Ni nchi ya amani. Mambo yote yaliyokuwa mabaya yamekwisha kubadilishwa majina. Njaa inaitwa Msimu wa Kiasi. Umeme ukikatika, huo ni Utulivu wa Nyaya. Na lile jengo kubwa lenye ukuta wa mawe na vipande vya chupa juu yake, ambalo zamani watu wasio na adabu waliliita gereza, sasa ni Nyumba ya Mapumziko ya Fikra. Mtu anayefikiri kupita kiasi huchukuliwa akapumzike. Gari linalompeleka halina namba wala madirisha, ili mchovu asisumbuliwe na mwanga. Wapo waliokuwa wamechoka sana, na mpaka leo wanapumzika.

Silalamiki. Nimeambiwa kulalamika pia kunachosha.

Ninachotaka kueleza ni habari ya nywele. Wageni wakija kwetu hushangaa kuona wanawake wengi wamebandika nywele: wauza mkaa, wanakwaya, hata bibi vizee wanaotembelea mkongojo. Huuliza kwa nini. Ni swali zuri, na Serikali yetu, ambayo haikwepi maswali mazuri, iliunda Tume kulijibu.

*

Mambo yalianza na hotuba ya Waziri wa Sura ya Taifa, Mheshimiwa Daktari Kasimba Mtalingi. Tulikusanywa uwanjani tangu asubuhi. Waziri alifika mchana, akapanda jukwaani na wigi refu lililoning'inia kwenye ncha ya fimbo yake kama panya aliyekufa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Hizi ni nywele za mwanamke wa ng'ambo! Hatumjui! Hatujui alikula nini! Hatujui alimpigia nani kura! Na leo hii, ndugu yangu, mkeo analala kitandani kwako na kichwa cha mtu asiye na hata kitambulisho cha nchi hii!"

Wanaume walipiga makofi. Mwanamke aliyesimama mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, "Na yeye hilo wigi kalitoa kichwani kwa nani?"

"Shoga, funga mdomo. Utapumzishwa."

Nywele za ng'ambo zikapigwa marufuku siku hiyohiyo. Askari walizikusanya saluni na majumbani, wakazichoma palepale uwanjani huku bendi ikipiga wimbo wa maendeleo. Moshi wake ulinuka hivi kwamba watoto walitapika. Redio ikatangaza kwamba watoto walizidiwa na uzalendo.

Lakini Serikali yenye huruma haimwachi mwanamke wake kichwa wazi. Baada ya muda mfupi madukani zilijaa pakiti za rangi ya bendera, zimeandikwa Nywele za Fahari, na chini yake: Zimetoka Kwetu. Zilikuwa nywele za watu, za kipilipili, nyeusi, zimeoshwa na kushonwa vizuri kwenye utepe. Kiwanda kilijengwa nyuma ya Nyumba ya Mapumziko ya Fikra, ukuta kwa ukuta, na kati yao pana mlango mdogo wa chuma. Wenye nia mbaya wameusema sana ule mlango. Mimi naona ni uhandisi mzuri. Kwa nini malighafi izunguke barabarani?

*

Mtaani kwetu palikuwa na mpiga pasi aliyeitwa Mama Edina. Alifanya kazi kwenye baraza la saluni ya Siwema, na pasi yake ya mkaa, akinyoosha sare za manesi na makoti ya makarani. Ukimwona mara moja hukumsahau, kwa sababu juu ya sikio lake la kushoto palikuwa na kishungi cheupe cha nywele, kama vile mtu alimpaka chokaa kwa kidole kimoja. Hazikuwa mvi. Alizaliwa nacho. Mama yake naye alizaliwa nacho. Na binti yake, Edina, alitoka tumboni nacho, mpaka mkunga akamfuta mara mbili akidhani ni uchafu.

Edina alikuwa chuo cha ualimu. Siku moja kiongozi mmoja alikwenda kuwahutubia wanachuo, na alipofika mwisho akasema, "Je, kuna swali?"

Katika nchi yetu kila mtu anajua kwamba hayo ni maneno ya kufungia hotuba, kama "nawatakia siku njema." Watu husikia, hupiga makofi, huenda zao. Sijui chuo kile kilimfundisha nini yule msichana. Alisimama akauliza kwa nini bweni la wasichana halina maji.

Jioni alichukuliwa akapumzike.

Mama Edina aliacha pasi akaenda kuuliza. Kwenye Nyumba ya Mapumziko walimwambia hawana mgeni wa jina hilo. Chuoni walimwambia hawajapata kuwa na mwanachuo wa jina hilo, na wakati wakimwambia hivyo yeye alikuwa akitazama dirishani shuka la mwanawe likikauka kwenye kamba. Ofisi ya vizazi ilichukua cheti cha kuzaliwa ili kikahakikiwe, ikarudi na habari kwamba kilikuwa kosa la uchapaji. Ofisa aliyemwambia hivyo alikuwa kijana mpole. Alimshika bega.

"Mama," alisema, "wewe huna mtoto. Una huzuni tu. Nenda kapumzike. Nyumbani, namaanisha."

Akarudi barazani akawasha mkaa. Watu waliendelea kumwita Mama Edina, kwa kuwa Serikali ilikuwa bado haijatoa jina mbadala.

*

Asubuhi moja mteja alikuja kwa Siwema na pakiti yake ya Nywele za Fahari. Nilikuwepo, nimeketi kwenye benchi nikisubiri kufumuliwa. Siwema akachana pakiti, akazikung'uta zile nywele, akazitandaza mapajani.

"Haa!" mteja akasema. "Si zina doa hizi! Ona, nyeupe! Nimeuziwa za bibi kizee?"

Siwema ndiye aliyemsuka Edina tangu akiwa hana meno ya mbele, akimbana katikati ya magoti na kumpiga chanuo la bega kila alipotikisika. Mikono yake ilisimama.

Nje, pasi nayo ilisimama. Tukasikia harufu ya kitambaa kikiungua. Mama Edina alikuwa mlangoni, na nyuma yake koti la karani fulani lilikuwa linatoboka.

"Siwema."

"Abee, mama."

"Lete nione."

Alizipokea kwa mikono miwili. Akakitafuta kishungi cheupe, akakipitisha kwenye vidole. Kisha akazinusa, akakaa nazo puani muda mrefu, kama mtu anayemnusa mtoto mchanga shingoni. Alipoinua uso alikwenda kukaa kwenye kiti mbele ya kioo.

"Nishonee."

"Mama Edina, hapana. Tuzifunge kwenye kanga nzuri, tumwite padri, tuzizike kwa heshima."

"Nikizizika watasema nimezika nywele. Nishonee, mwanangu."

"Utazivaa mpaka lini?"

"Mpaka waniambie kichwa chake kiko wapi."

Siwema akaanza kwa kumsuka mistari ya chini, ile inayokwenda nyuma moja kwa moja, kwa kuwa ndiyo inayoshika uzi vizuri. Wasusi wa kwetu mtindo huo wanauita twende kilioni. Siku zote tulilitamka jina hilo bila kulisikia. Siku ile hakuna aliyelitamka. Kisha akashona, safu kwa safu, na alipofika juu ya sikio la kushoto alihakikisha cheupe kinakaa juu ya cheupe.

Mwenye pakiti alikuwa bado pale kwenye kona. Hakudai nywele zake. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

*

Wakati huohuo Waziri Mtalingi alialikwa ng'ambo kwenye mkutano mkubwa kuhusu wanawake na vichwa vyao. Alitakiwa aende na ripoti: kwa nini baadhi ya wanawake huchagua kubandika nywele? Hapo ndipo Tume ilipozaliwa. Wajumbe wote walikuwa wanaume, na karibu wote walikuwa na vipara, ili kuepuka upendeleo. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mstaafu Ngwandumi. Alivaa lile wigi jeupe la mahakamani, la singa za farasi, lililoagizwa kutoka ng'ambo na kusamehewa marufuku kwa kuwa farasi si mwanamke. Nilitamani kujua farasi yule alimpigia nani kura, lakini hapakuwa na kipindi cha maswali.

Kila mwanamke aliyebandika aliitwa ukumbini ajieleze. Sisi wengine tuliitwa tuje tusikilize, kwa hiari, na asiyekuja angefuatwa.

Wa kwanza alikuwa Fidea, karani wa benki.

"Mheshimiwa, bosi alisema nywele zangu za asili zinatisha wateja. Nikaweka dawa. Dawa ikaniunguza, ngozi ikatoka na vidonda. Nikabandika nifunike vidonda. Bosi akasema sasa nimekuwa mtu."

Jaji akamgeukia katibu. "Andika: urembo."

Akaja mjane. "Mume alipokufa shemeji zangu walininyoa. Walininyoa kwa wembe butu, mheshimiwa, na kwa hasira. Hazikuota tena zikaenea."

"Kwa hiyo ulitaka kupendeza."

"Nilitaka watu waache kunitazama."

"Urembo."

Akaja mama wa watoto wengi, akasema kila asubuhi ana vichwa vingine vya kuchana kabla ya chake. Urembo. Akaja mgonjwa ambaye dawa za hospitali zilimmaliza nywele, nyusi na kope. Urembo. Kisha akaja msichana mmoja mwenye nywele zilizofika mabegani, akitafuna bazoka.

"Napenda tu, mheshimiwa. Leo ndefu, kesho fupi. Kichwa si changu?"

Ukumbi ukacheka. Jaji akagonga meza mpaka wigi likamteleza. "Andika: kiburi!"

Halafu akaitwa mpiga pasi.

*

"Jina?"

"Mama Edina."

"Nimeuliza jina lako, siyo la mtoto."

"Ndilo ninaloitwa, mheshimiwa."

Katibu akamnong'oneza Jaji. Jaji akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mama, kumbukumbu za Serikali zinaonyesha huna mtoto. Mtu hawezi kuwa mama wa mtu asiyekuwepo. Hilo ni kosa la kughushi, lakini leo tuliache. Kwa nini umebandika nywele?"

"Sikubandika. Nimembeba mwanangu."

Ukumbi ulikuwa na feni kubwa iliyolia kwa kukwaruza. Mpaka wakati huo sikuwa nimeisikia.

Mkurugenzi wa Kiwanda cha Nywele akainuka haraka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kufafanua. Alama nyeupe inayoonekana pale ni kasoro ya rangi. Hutokea. Kiwanda kinaomba radhi kwa mteja na kitampa pakiti nyingine iliyo bora zaidi."

"Kasoro," alisema Mama Edina.

Akainua mikono. Akaingiza vidole chini ya zile nywele juu ya sikio la kushoto, akazigawa, akazishikilia zikiwa zimegawanyika, kisha akainamisha kichwa kuelekea meza ya Tume. Chini ya kishungi cheupe kilichoshonwa palikuwa na kishungi cheupe kilichoota. Alikaa hivyo, ameinama, mpaka wajumbe wote wakaanza kutazama kalamu zao.

"Nauliza kitu kimoja tu," alisema akiwa bado ameinama. "Kichwa chake kiko wapi?"

"Maswali huulizwa na Tume," alisema Jaji. Sauti yake ilikuwa ya upole, hata mimi niliisikia. Ni mtu mpole, ana wajukuu. "Mama, sikiliza. Sheria ya viwango inasema bidhaa yenye kasoro huteketezwa. Yule pale ana mkasi na ndoo. Mimi sina mamlaka ya kumzuia."

Askari akasogea. Mama Edina akajishika kichwa kwa viganja viwili, kama watu wanavyojishika msibani.

"Ila," Jaji akaendelea, "ikiwa mteja mwenyewe aliipenda ile alama, akaichagua kwa hiari, basi si kasoro. Ni mtindo. Mtindo hauchomwi. Kwa hiyo nitauliza tena, na ufikiri vizuri. Lakini usifikiri sana. Kwa nini umebandika nywele?"

Siwema, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, alikuwa ameshika mkono wangu na kuuminya hata kucha zikaingia.

"Urembo," alisema Mama Edina.

"Vizuri. Una mtoto aitwaye Edina?"

Askari alikuwa amefika karibu. Mkasi wake ulikuwa wazi. Mama Edina aliutazama mkasi, si Jaji.

"Sina, mheshimiwa."

"Basi, kwa ajili ya kumbukumbu, jina lako nani?"

"Perpetua."

Tulikuwa tumeishi naye miaka yote ile na hakuna aliyekuwa akilijua.

"Asante, Perpetua. Umeona? Haikuwa vigumu." Jaji akamwashiria katibu. "Urembo."

Akashuka kutoka kizimbani na nywele zake. Alitembea katikati ya ukumbi akiwa ameweka kiganja juu ya sikio la kushoto, na alipokuwa akipita niliona kitu ambacho Tume haikukiona, kwa sababu ilikuwa imekwenda kunywa chai. Wanawake waliokuwa kwenye foleni, wakisubiri zamu zao na Nywele za Fahari vichwani, walianza kujigusa. Polepole. Mmoja alizivuta mbele akazinusa. Mwingine alizishika bila kuzivuta, kwa woga, kama mtu aliyegundua kwamba amekaa kwenye kiti chenye mtu. Yule wa bazoka alikuwa ameacha kutafuna.

Tume iliporudi kutoka kwenye chai, mambo yalikwenda mbio. Kila aliyeitwa alisema neno moja tu, hata kabla ya kuulizwa. Urembo. Urembo. Urembo.

*

Ripoti ilifurahisha sana. Wanawake wote wa nchi yetu hubandika nywele kwa ajili ya urembo, isipokuwa mmoja aliyebandika kwa kiburi, na wataalamu wamethibitisha kwamba kiburi ni tawi la urembo. Waziri alikwenda ng'ambo akarudi na tuzo ya kioo.

Na mauzo! Waziri mwenyewe hakuamini. Nywele za Fahari zilianza kununuliwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga saluni. Bibi vizee walikuja madukani asubuhi, wakafungua pakiti palepale, wakazigeuza nywele kwenye mwanga, wakazinusa, wakainua nyingine. Wanaume watu wazima walikuja wakasema wanawanunulia wake zao, huku kila mtu akijua kwamba mke ndiye aliyechukuliwa. Wengi hawakupata walichokitafuta. Walinunua hivyohivyo. Wakaenda kwa Siwema wakashonewa.

Siwema aliniambia kuna mteja alimuuliza, "Kuna faida gani, mama, kuvaa mtu nisiyemjua?"

Akamjibu, "Wewe humjui. Mwenye naye anaweza kupita njiani."

Hapo ndipo ilipoanza desturi ambayo wageni huiona na kuistaajabia. Mwanamke anakwenda zake na kikapu. Mwingine anamsimamisha. "Samahani, dada. Urembo wako huo, naweza kuutazama kwa karibu?" Yule haulizi kwa nini. Anaweka kikapu chini. Anainama. Mikono ya mtu asiyemjua inapita kichwani mwake, inatafuta, inanusa, kisha kwa kawaida inaondoka, na sauti inasema, "Asante, siye." Mara chache sana haisemi hivyo. Mara chache mikono inabaki palepale. Basi wanakwenda wote wawili kwa Siwema, na zinafumuliwa kichwa kimoja na kushonwa kingine, na hakuna anayelipa.

Kwenye sherehe ya tuzo, mzee mmoja mpiga tarumbeta wa bendi ya Serikali aliacha kupiga katikati ya wimbo. Alikuwa akikitazama kichwa cha mke wa Waziri. Aliendelea kukitazama mpaka akaondolewa akapumzike.

Perpetua bado anapiga pasi kwenye baraza lile. Hajazifumua. Watu humwita Perpetua wakiwepo askari, na askari wakienda humwita jina lake.

Mimi sikuwa na mtu aliyechukuliwa. Nashukuru Serikali kwa hilo, na ni kweli sina la kulalamikia. Lakini nimebandika. Zangu ni fupi, nyeusi sana, zimejisokota ngumu. Nadhani ni za mvulana. Upande mmoja zimekatwa hovyo, kama vile mwenye nazo alikuwa hataki kutulia. Zina harufu ya mafuta ya mnyonyo ambayo haiishi hata nikiziosha na sabuni ya kufulia. Mtu alimpaka tangu akiwa mdogo. Jumamosi huwa sokoni, upande wa wauza dagaa, nimevaa sketi ya bluu. Ukidhani unazijua, nisimamishe. Ukiniuliza kwa sauti kwa nini nimezivaa, nitakujibu kwamba ni urembo, kwa kuwa hilo ndilo jibu, limekwisha kupatikana.

Kisha nitainama.